UZI: Zile "nywele" zinazodondoka Hawaii si za mtu, ni kioo. Na wenyeji walishazipa jina zamani

#1 Mchoronga_Mawe (mtoa mada)

Salaam wakuu.

Tangu wiki iliyopita kuna klipu inazunguka kwenye magrupu. Mtu kakinga kiganja, ndani yake kuna kitu kama nywele za kahawia zinazong'aa, nyuma yake mlima unatema moto. Maelezo ya chini: "Nywele za binadamu zashuka kutoka mbinguni huko Hawaii, tujiandae." Shangazi yangu kanitumia mara tatu. Nilijaribu kumjibu kwa sauti, dakika nne zikaisha hata nusu sijafika, nikaona bora nifungue uzi nimtumie kiungo. Shangazi, ukifika hapa, shikamoo.

Mimi nilisoma jiolojia, na mkate wangu ni kuandika namba kwenye vipande vya mwamba vinavyotoka kwenye mashine ya kuchoronga. Klipu yenyewe haina shida. Uongo uko kwenye maelezo. Kile kitu ni kioo, ndugu wa hiki cha dirishani kwako, ila kimetengenezwa na volkano.

Volkano yenyewe ni Kīlauea, iko kwenye kisiwa cha Hawaiʻi, kile kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa hilo. Tangu Desemba 23, 2024 kilele chake kimekuwa kikilipuka kwa vipindi: kinarusha lava kwa saa kadhaa, kinanyamaza siku kadhaa, kinaanza tena. Kuna vipindi lava imepanda hewani zaidi ya mita 300. Mwaka 1959, katika shimo la jirani liitwalo Kīlauea Iki, ilifika mita 580.

Sasa nywele zinatokaje hapo? Lava ya Kīlauea ni laini, inatiririka, joto lake ni kama nyuzi 1,150. Aliyekulia Dodoma kama mimi ataelewa haraka: ukinyanyua tonge kutoka kwenye bakuli la mlenda, uzi unakufuata mpaka mdomoni. Lava ikirushwa juu hupasuka matone, na tone likivutwa na upepo linaacha uzi nyuma yake. Tofauti na mlenda, uzi huu unaganda papo hapo. Haupati hata nafasi ya kutengeneza fuwele kama mawe mengine, ndiyo maana unabaki kioo. Unene wake kwa kawaida haufiki nusu milimita, urefu ni sentimita kadhaa, na zipo zilizofika mita mbili. Ni nyepesi kiasi kwamba upepo unazibeba kilomita nyingi.

Wahawaii wanaziita lauoho o Pele, nywele za Pele. Na hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu habari ya kioo utaipata popote, lakini majina haya ndiyo yalinikamata. Nakuja.

#2 KijikoChaChai

Pele? Yule wa Santos na Brazil? Mbona nywele zake zilikuwa fupi 😂

#3 Mkwaju_Mchungu

Naweka kiti cha mbele. Mtoa mada asipotee kama wale wa "nakuja" halafu miaka mitatu kimya.

#4 bin_Kipara

Kwa Kiswahili pele ni wingi wa upele. Kwa hiyo hizi ni nywele za wenye ukurutu. Jikune ujipatapo.

#5 Mchoronga_Mawe (mtoa mada)

Nimerudi. Bin Kipara, cheka tu, lakini ukishika zile nywele kwa mkono mtupu utajikuna kweli. Zinakatika, ncha zinaingia kwenye ngozi kama vibanzi.

Pele wa Hawaii ni mungu wa kike wa volkano, na kwa Kihawaii neno hilohilo, pele, ni lava na ni mlipuko. Hawatenganishi. Lava ikishuka kijijini, anayekuja ni yeye.

Masimulizi yao yanasema alitoka nchi ya mbali iitwayo Kahiki, akasafiri kwa mtumbwi na ndugu zake, mdogo wao wa mwisho Hiʻiaka akiwa bado yai, Pele kalibeba kifuani. Ana fimbo ya kuchimbia inaitwa Pāʻoa. Kila kisiwa anachofika anachimba shimo la kuweka moto wake. Dada yake mkubwa, Nāmakaokahaʻi, mwenye bahari, anamfuata nyuma na maji, anauzima. Akaanza Kauaʻi, akazimiwa. Oʻahu, akazimiwa. Maui, huko wakapigana vibaya. Mwisho akafika Kīlauea, akachimba ndani kabisa, mbali na maji, akatulia. Nyumba yake ni shimo la Halemaʻumaʻu.

Sasa sikilizeni nyie mnaopenda kusema hadithi za wazee ni chai. Umri wa visiwa hivyo ukipimwa leo kwa maabara: Kauaʻi takriban miaka milioni 5, Oʻahu kama milioni 3, Maui kama milioni 1, na Hawaiʻi haujafika milioni. Mpangilio uleule wa safari ya Pele. Hawakuwa na maabara. Walitazama tu kisiwa kipi kimelika na mvua, kipi kina udongo mzito, kipi bado ni jiwe tupu, wakajua nani mkubwa na nani mdogo.

Mmisionari wa Kiingereza William Ellis alifika Kīlauea mwaka 1823 akaziona hizo nywele, akaandika kwamba wenyeji wanaziita *rauoho o Pele*. Msishangae hiyo "r". Wakati huo tahajia ya Kihawaii haijatulia, r na l zinabadilishana, ugonjwa tunaoufahamu vizuri hata humu jamvini. Mwaka 1826 wamisionari wakaamua ibaki l.

Kitu kingine kuhusu neno hilo. *Lauoho* ni nywele za kichwani tu. Nywele za mwilini na manyoya wanaita *huluhulu*, kama sisi tunavyotenganisha nywele na malaika na manyoya. Wangeweza kusema manyoya ya Pele, au nyuzi za Pele. Wamechagua za kichwani, na kichwa kwa Wahawaii ni sehemu takatifu ya mwili. Halafu ile "o" katikati: Kihawaii kina "ya" mbili, *a* na *o*. Vitu ulivyojipatia mwenyewe aghalabu huchukua *a*. Viungo vya mwili, wazazi, ardhi yako, huchukua *o*. Kwa hiyo lauoho o Pele ni nywele zilizo sehemu ya mwili wake, si nywele anazomiliki. Mwenye kufundisha ngeli humu ataniambia kama Kiswahili tunaweza kusema hivyo kwa neno moja. Mimi nimeshindwa.

#6 Mlokole77

Mtoa mada elimu nzuri lakini unatangaza miungu. Wahawaii wenyewe waliacha hayo mambo wakampokea Yesu.

#7 Mchoronga_Mawe (mtoa mada)

Mkuu, wengi walimpokea, ni kweli, na nitakupa kisa chenye nguvu kuliko hoja yako. Desemba 1824 mwanamke wa ukoo wa machifu, Kapiʻolani, alisafiri kwa miguu mpaka Kīlauea. Watu wanamsihi arudi, Pele atamuua. Pembeni ya shimo kuna matunda madogo mekundu yanaitwa ʻōhelo. Mila ilikuwa huyali kabla hujamtupia Pele sehemu yake kwanza. Kapiʻolani akayala bila kumpa, akashuka kwenye shimo, akaomba kwa Mungu wa Kikristo, akapanda akiwa mzima. Wamisionari walikisimulia kisa hicho miaka na miaka.

Lakini miaka mia mbili baadaye bado kuna familia zinazojihesabu ukoo wa Pele, bado zinamchezea ngoma yao ya hula na kumwimbia, na bado zinapeleka sadaka pale. Kwa hiyo ukisema "waliacha" utakuwa umeandika nusu. Mimi ni Mwanglikana, naeleza tu majina.

#8 Mama_Gata

Jamani mmenigusa. Mimi ni Mkenya, naishi huku kisiwani mwaka wa kumi na moja, si mbali na kijiji cha Volcano. Nimesoma uzi wote nikiwa nimetoka kufagia hizo nywele kwa veranda.

Niwaambie yale hamuoni kwa klipu. Huku juu wengi hatuna maji ya mfereji. Tunavuna ya mvua: bati, gata, tangi. Kama nyumbani tu kwa mama yangu Machakos. Sasa volkano ikianza kurusha, kitu cha kwanza unafanya si kupiga picha. Unakimbia kuchomoa bomba linalotoka kwa gata kuingia kwa tangi, ndio maji yasilete kioo ndani. Wenye kufuatilia volkano hutangaza kabla, na jirani anapigia jirani simu.

Upepo ukiwa ule wa kawaida, wa kaskazini mashariki, vitu vinaenda upande wa Kaʻū, kwa jangwa. Ukigeuka, uje ule wanaita wa Kona, basi ni sisi. Inaanguka kama makapi ya mpunga yakipepetwa. Inang'aa, kwa jua inakaa dhahabu, ukitazama hutaamini inaweza kukudhuru. Hufagii kavu, unamwagia maji kwanza. Unavaa glavu na miwani. Kioo cha gari usiwashe waipa, utakikwaruza chote. Watoto niliwafunza usiguse macho kabla ya kunawa.

Mwenye ng'ombe na mbuzi ana shida zaidi kwa sababu nywele zinashikana na nyasi, na mnyama hana miwani.

Nyanya mmoja Mhawaii jirani yangu, mimi namwita aunty kama watu wote huku, aliniona siku ya kwanza nikifagia huku nikinung'unika. Hakunigombeza. Alisema tu, "Anachana nywele leo." Tangu hiyo siku sinung'uniki kwa sauti.

#9 Mkwaju_Mchungu

Mama Gata hiyo ya kuchana nywele imenimaliza.

#10 Mwani_wa_Jambiani

Salaam alaikum. Mtoa mada katika uzi wa jana wa mwamba ulitaja "mwani wa Pele" ukapita. Sisi kwetu mwani ndio kazi ya mama zetu, tunakaa pwani na kamba na vijiti tangu maji yanapokupwa. Huo wa moto unalimwaje?

#11 Mchoronga_Mawe (mtoa mada)

Waalaikum salaam sheikh. Swali zuri, na hapo ndipo penye jina ninalolipenda kuliko yote.

Limu o Pele. Limu ni mwani, na Wahawaii wanaula, wanautia kwenye samaki mbichi. Huu wa Pele hauliwi. Unatokea hasa lava inapofika baharini. Maji yananaswa ndani ya lava, yanageuka mvuke kwa ghafla, mvuke unaivimbisha lava kama puto, puto linazidi kuwa jembamba mpaka linapasuka. Vipande vyake vinapeperuka: vikaratasi vya kioo, vyembamba, vya rangi ya kahawia hivi au kijani, mwanga unapita. Chukua manda ya sambusa, ikaushe, ipasue vipande, itazame juani. Vimejikunja pembeni kama mwani uliokauka juu ya jiwe, ndipo jina likatoka hapo.

Sasa rudi kwenye kisa. Dada wawili, mmoja moto, mwingine bahari, wanafukuzana kisiwa hadi kisiwa. Kioo hiki kinazaliwa pale wanapokutana, na kimepewa jina la mmea wa baharini lakini mwenye mali ni Pele. Haya ni maoni yangu, hakuna mzee wa Hawaii aliyenituma. Ila kila nikikishika kile kipande kimoja nilichopewa na mwalimu wangu nawaza kwamba dada mkubwa alishinda ugomvi, mdogo akaondoka na mwani wake.

Na usithubutu kuuvuna, sheikh. Pale lava inapoingia baharini mvuke wake una asidi ya hidrokloriki na vumbi la kioo, na ile ardhi mpya unayokanyaga inaweza kukatika na kuzama na wewe juu yake.

#12 Mwani_wa_Jambiani

Basi nabaki na wangu wa kamba 😄 Bei mbaya, lakini haiungui.

#13 Mama_Gata

2018 wakati lava ilishuka wilaya ya Puna, kisiwa hikihiki, kuanzia Mei mpaka Agosti, nyumba zaidi ya 700 zilienda. Ghuba ya Kapoho ilijazwa yote, ikawa nchi kavu. Huo mvuke wa baharini tuliuona ukiwa mbali, mweupe, mzuri. Rafiki yangu mmoja nyumba yake ilizikwa. Siku ya mwisho alifagia, akapanga maua mezani, akafunga mlango. Nilimuuliza mbona kufagia. Akasema nyumba ni ya mgeni anayekuja, na mgeni hapokewi kwa uchafu.

#14 KijikoChaChai

Hapo nimeacha utani.

#15 MtotoWaNaivasha

Mimi naona mnazunguka. Hii si obsidiani tu? Huku kwetu Naivasha na Eburru iko kibao, nyeusi, inakata kuliko wembe. Ukienda Kariandusi karibu na Gilgil utaona mashoka ya mawe ya kale, mengine ni ya hiyohiyo obsidiani.

#16 Mchoronga_Mawe (mtoa mada)

Ni ndugu, si yuleyule. Obsidiani ya Naivasha imetoka kwenye lava yenye silika nyingi (ile malighafi ya mchanga na kioo), asilimia 70 na zaidi, nzito, inajikokota kama ugali wa moto. Hiyo hupati nywele, unapata pande zima. Lava ya Kīlauea silika yake ni kama asilimia 50.

Ila umenikumbusha kitu. Wahawaii hawakuwa na chuma cha kuchimba, kwa hiyo kioo cha volkano kilikuwa kisu chao kidogo, vipande vya kukatia na kukwangulia. Chanzo kimojawapo kikubwa ni kilima cha Puʻuwaʻawaʻa kwenye mteremko wa Hualālai, kisiwa hichohicho, ambako lava ilikuwa ya aina nyingine, ya trakaiti, yenye silika zaidi. Hilo pande la kisu halikuingizwa kwenye mwili wa Pele. Nywele zinazoanguka zenyewe ni zake, jiwe unaloenda kulibandua ukalitumia ni kifaa.

#17 Ole_Sero

Sisi tuna Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, na Engai yuko pale. Nimepandisha wageni miaka mingi, sijawahi kuona nywele. Lava yetu inatoka nyeusi kama oili chafu, siku chache ikinyeshewa inakuwa nyeupe.

#18 Mchoronga_Mawe (mtoa mada)

Na hutaziona, Ole. Lava ya Lengai ni ya peke yake duniani, ni magadi na chokaa iliyoyeyuka, silika karibu hakuna, joto lake halifiki hata nyuzi 600. Bila silika hupati kioo cha namna hii.

#19 Tofali_la_Goma

Mimi niko Goma. Musisahau sisi. Volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, zote zinatoa hizo nywele, sisi tulikuwa tunasema tu "vumbi ya volkano". Nikiwa mutoto, mama alikuwa anafunika mapipa ya mvua, hatukujua kama ni kioo. Januari 2002 lava ilipita katikati ya muji, ikafika mpaka ziwani. 2021, Mei 22, ikakuja tena usiku. Nyumba zetu tunajenga na ile jiwe nyeusi ya volkano.

Bazee banasema hivi: kwa imani ya zamani ya hapa na Rwanda, mutu aliyeingizwa katika ibada ya Ryangombe, akikufa anaenda kupumzika mulima Karisimbi, kwenye baridi. Asiyeingizwa anaenda Nyiragongo, kwenye moto. Kwa hiyo kwenu huko moto ni mama mwenye nywele. Kwetu moto ni gereza.

#20 Mchoronga_Mawe (mtoa mada)

Tofali, hii nimeisoma mara mbili. Iceland nako nywele hizihizi wanaziita nornahár, nywele za wachawi. Kioo ni kilekile.

Nimalizie majina. Matone yale yasiyovutika sana huganda yakiwa meusi, yanang'aa, ya duara au ya mfano wa chozi, kuanzia milimita chache hadi sentimita moja au mbili. Hayo ni machozi ya Pele. Kihawaii *waimaka*: *wai* maji, *maka* macho. Mara nyingine chozi liko bado kwenye ncha ya unywele, kama kiluwiluwi na mkia wake. Ukilipata hivyo usilitenganishe, ndiyo picha nzima ya jinsi vyote viwili vilivyotoka kwenye tone moja.

Na kuna la nne ambalo wanasayansi huliita retikulaiti. Ni povu la lava lililopasuka kuta zote zikabaki kingo tu, kama dodoki. Asilimia 95 na zaidi ni hewa. Mtu atadhani litaelea majini kama jiwe povu, kumbe linazama, kwa sababu vitundu vyake vyote vimeunganika, maji yanapita moja kwa moja.

#21 bin_Kipara

Mama Gata, tuletee kachozi kamoja ukija likizo. Nitalipia.

#22 Mama_Gata

Siwezi. Ndani ya hifadhi ni kosa la kisheria kutoa jiwe, hata kioo. Watu huiba halafu wanarudisha kwa posta na barua: "Tangu nichukue nimeachwa na bwana, gari imegonga, tafadhali rudisheni." Maboksi kwa maboksi. Nilimuuliza aunty kama laana ni ya kweli. Alicheka sana. Akasema hiyo laana ni ya watalii wenyewe, wazee wake hawakuwa nayo. Halafu akaniuliza mimi: "Mtu akiingia nyumbani kwako akaokota nywele kwa kitana chako akaenda nazo, wewe utamfikiriaje?"

Nimefikiria vile nyanya yangu alikuwa anazika nywele zake akishasukwa, ndio mtu asizipate. Sikuwa na jibu.

#23 Tofali_la_Goma

Mama yangu alikuwa anachoma zake.

#24 Mchoronga_Mawe (mtoa mada)

Shangazi kasoma. Kanipigia. Anasema kaelewa yote, klipu kaifuta, ila anauliza huyo dada mkubwa wa baharini siku hizi yuko wapi.